Geti Lililompitisha Mwanangu

Watawa wa kiume wa monasteri ile hawakuruhusu mwanamke kupita geti. Hata bibi wa mzungu, hata mama mzazi wa padri. Nguo zao tulizifua, kabichi zetu walizinunua, lakini mizigo tuliiacha nje, kwenye benchi la mawe.

Siku hiyo mwanangu wa miezi saba alikuwa anapumua kama mbwa aliyekimbizwa. Baba yake alikuwa Mau Narok kwenye ngano ya mzungu. Kwenda hospitali Nakuru kulitaka pasi ya kusafiri, maana ilikuwa Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya mkoloni, na mwenye kutoa pasi hakuwako. Bruda wa dawa, mtawa aliyetibu wagonjwa, alikuwa nyuma ya ukuta wa watawa.

Bruda wa geti, kijana wa huku kwetu, alichungulia. "Ni mvulana au msichana?"

"Ni mgonjwa!"

"Nauliza, mama, kwa sababu mvulana anaweza kuingia."

"Si umwite huyo wa dawa aje hapa?"

"Yuko kwenye mafungo ya sala wiki hii. Hatoki."

Mama mmoja aliyeleta kabichi akanisukuma begani. "Mpe, wewe! Wangu alikuwa msichana. Nilirudi naye hivyo hivyo, na sikukaa naye sana."

Nikampa. Alimbeba kama sahani ya uji inayomwagika. Geti likafungwa, nikasikia kilio kikienda mbali, mbali, halafu zaburi tu. Nilipiga mbao za geti kwa ngumi. Nani afungue? Maziwa yakanitoka yenyewe, blauzi ikalowa, na mimi nimesimama hapo hapo.

Alirudishwa amelala, amedungwa penisilini, pumzi imeshuka. Lakini nywele zilikuwa zimelowa.

"Mmemwosha?"

"Tumembatiza. Tulidhani anakufa."

"Mimi si Mkatoliki! Baba yake si Mkatoliki! Mlimuuliza nani?"

"Mtoto akiwa hatarini hatungoji kuuliza, mama. Ndiyo sheria." Akanitajia jina walilompa, la mtakatifu fulani wa Ulaya. Mwanangu alikuwa na jina tayari, la babu yake.

Nilitaka kumtemea mate. Akasema, "Bado sindano tatu. Kesho saa nne."

"Asante, Bruda," nikasema.

Kesho yake saa tatu, saa nzima mapema, nilikuwa getini, nimeshamtoa mgongoni, nimemtanguliza mikononi kuelekea mbao za geti.