Sahani Tatu za Mama Samaki

Chuoni walimwita Mama Samaki, naye aliitika bila kununa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akilisha samaki wa maabara, vitu vidogo kuliko kidole. Mtu akimtania kwamba nyumbani kwake hakukosekani kitoweo, alimjibu, "Hawa ukiwakaanga, hata kikaango hakitajua."

Kila asubuhi aliokota mayai kwenye matangi na kuyapanga katika visahani vya kioo. Mayai yale yanapitisha mwanga, hivyo kwa hadubini unaliona jicho likijiumba. Watafiti walitaka kujua pombe inavyoliharibu, na kama vitamini fulani inaweza kulikinga.

Mchana mmoja bintiye, mwenye mimba ya miezi miwili, alipita kumsalimu akitoka dukani. Ndani ya mfuko mlikuwa na chupa ya divai.

"Shoga zangu wanasema glasi moja jioni inaongeza damu," alieleza.

Mama Samaki hakuwa na uhaba wa maneno makali, lakini siku hiyo aliyaweka kando. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yeye mjukuu alikuwa njiani, na majuto alikuwa nayo tayari. Alimkalisha bintiye mbele ya hadubini.

"Sahani ya kwanza, maji matupu."

Macho yalikuwa meusi, makubwa, ya kupendeza.

"Ya pili, mayai yalitiwa pombe. Siku moja tu."

Macho yalikuwa madogo, na samaki mmoja alikuwa na doa tu pale jicho lilipopaswa kuwa.

"Ya tatu, pombe pamoja na vitamini. Hao wana nafuu."

"Basi si ninywe na vitamini?"

"Nafuu, mwanangu, sikusema wamepona. Na hao ni samaki, kwa watu bado wanachunguza. Wa sahani ya kwanza hawakuhitaji dawa yoyote."

Binti alirudi kwenye sahani ya pili, akainama kwa muda mrefu. Kaka yake, kifungua mimba wa nyumba ile, alivaa miwani mizito tangu kabla ya kuanza shule, na hata sasa alisoma ujumbe wa simu akiigusisha pua.

"Mama," alisema bila kuinua uso, "na kaka je?"

Swali hilo Mama Samaki alikuwa amelikimbia miaka yote kumi na mmoja, kwa aibu.

"Nilikunywa pombe mimba ile yote. Hakuna aliyenikataza. Daktari hakuwahi kusema sababu, na mimi sikuthubutu kumuuliza."

Binti alifungua chupa, akaimwaga yote kwenye sinki.

"Kaka anajua?"

"Hajui." Mama Samaki alifunika sahani moja moja. "Jumapili anakuja. Nitamwambia akiwa amevaa miwani yake, anione vizuri ninavyosema."