Mama Taa, Mpima Taa za Pikipiki za Kale

Ni saa nne asubuhi. Mama Taa anagonga kioo cha taa kwa ukucha wa kidole cha shahada, anainamisha kichwa kusikiliza, kisha anakigonga tena. Ng'ambo ya meza, nesi mstaafu aliyeileta taa hiyo ndani ya taulo anangoja kama mgonjwa anayengoja majibu ya vipimo.

"Hii ni ya kiwandani, dada," Mama Taa anasema hatimaye. "Haijabadilishwa hata skrubu."

Anamwonyesha namba ndogo zilizochongwa ukingoni mwa kioo. Anamwonyesha na bakuli la ndani linalorudisha mwanga, ambalo bado linang'aa isipokuwa kwa doa la kutu lisilozidi punje ya mchele. Vioo vya bandia, anaeleza, ni vyepesi, na namba zake ukizipapasa zinateleza kama sabuni.

Nesi alikuwa njiani kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wanaopima kwa kilo. Huko asingepata hata shilingi elfu mbili. Mama Taa anaipa taa hiyo laki mbili na themanini, na kumwambia kwamba akiwa na subira anaweza kupata zaidi kwa watu wanaofufua pikipiki za kale.

Nesi anaifuta taa kwa pembe ya taulo. Kwa miaka kumi na tisa alipeleka chanjo vijijini kwa pikipiki. Aliondoka kabla ya jua kuchomoza, na akina mama walipouona mwanga wa taa hiyo ukishuka mlimani, walianza kuwaamsha watoto.

Chumba cha kazi cha Mama Taa kimebanwa kati ya kinyozi na duka la rangi. Rafu zimejaa taa za mbele, taa nyekundu za nyuma na indiketa za rangi ya chungwa, kila moja imefungwa kwa gazeti na kuning'inizwa kikaratasi. Ana miaka sitini na mmoja, na hakuusomea ufundi huu popote. Alikuwa fundi cherehani.

Mwenye ufundi ni mumewe, ambaye kila mtu humwita Fundi, hata wakwe zake. Kwa miaka thelathini alitengeneza nyaya na taa za pikipiki, mpaka ugonjwa wa presha ya macho ulipomnyang'anya nuru, miaka kumi na mitatu iliyopita.

"Alianza kwa kuniomba nimsomee namba za vioo," anasema Mama Taa. "Nikadhani uvivu. Siku moja nikamshikia kioo mbele yake, kichwa chini miguu juu. Hakujua. Hapo nikaelewa kwamba maji yamezidi unga."

Waliuza pikipiki yao ili afanyiwe upasuaji, lakini walikuwa wamechelewa. Mwaka mzima Fundi alikaa chumbani bila kutaka kuongea na mtu. Mkewe, aliyetaka kupunguza makorokoro ndani ya nyumba, akamwekea mapajani boksi la vioo vya zamani na kumwomba achague vya kutupa.

Fundi alivipapasa kimoja kimoja hadi adhuhuri, akatenga mafungu mawili. Fungu ambalo mkewe alikuwa tayari kulipeleka jalalani ndilo lililokuwa na thamani. Siku iliyofuata akaomba boksi jingine.

Hivyo ndivyo biashara ilivyoanza. Mama Taa alizunguka kwenye gereji na stoo za watu, akirudi na mizigo begani. Jioni Fundi alimfundisha kwa vidole. Leo anapima mwenyewe, na mumewe huulizwa tu panapokuwa na utata.

Lakini kuna kosa ambalo Mama Taa halifichi. Miaka saba iliyopita mzee mmoja mwenye mkongojo alimletea taa ya nyuma. Alimpa elfu tano, na wiki hiyohiyo akaiuza kwa laki moja na nusu. Akarudi nyumbani na kilo mbili za nyama, akasimulia huku akicheka.

Fundi aliweka kijiko chini.

"Mke wangu," alimwambia, "ingekuwa ni mimi nimepeleka dukani kitu nisichokijua, ungependa nifanyiwe hivyo?"

Nyama ile haikuliwa na mtu. Kwa wiki tatu Mama Taa alimtafuta yule mzee, akiuliza mtaa kwa mtaa. Alipompata, mzee alidhani amefuatwa arudishe fedha, akaanza kujitetea kwamba taa ilikuwa nzima alipoiuza. Ilibidi Mama Taa amshike mkono na kumtia laki moja kiganjani ndipo anyamaze.

Tangu siku hiyo hutaja thamani ya kitu kwanza, ndipo aseme kama atakinunua. Kuna mwezi anaobakiwa na laki tatu, na kuna mwezi ambao hata kodi ya chumba inamtoa jasho. Wenzake humwambia anajiharibia soko.

Fundi, anayekaa kwenye kiti karibu na mlango, anasema mji wa ujana wake ulisomeka kwa taa. "Ukikaa nje jioni, unasema huyu bwana mifugo, yule mpiga picha, kabla hata hawajafika. Kila taa ilikuwa na mwanga wake. Siku hizi zote zinakumulika macho tu, hujui nani kapita."

Nesi anaomba kuiona taa yake ikiwaka. Mama Taa anaunganisha nyaya mbili kwenye betri, na mwanga wa manjano unatua ukutani. Nesi anapitisha kiganja mbele yake, polepole. Fundi anauliza ni rangi gani.

"Manjano, kama zamani," nesi anamjibu. Kisha anamgeukia Mama Taa. "Nauza. Ila mpe mtu atakayeiendesha, asiifungie kabatini."

Mama Taa anayaandika maneno hayo kwenye kikaratasi cha taa, chini ya bei.

Siku hizi, mchana wateja wakipungua, mume na mke hao huandika daftari: Fundi anaeleza kila taa inavyotambulika, mkewe anaandika na kuchora. Wamefika ukurasa wa themanini na nne, nao umebaki mtupu. Ni wa taa ambayo Fundi aliishika mara moja tu, akiwa mwanagenzi, na hataki kuieleza kwa kubahatisha.

Mwezi uliopita walipata habari kwamba ipo stoo kwa mtu, mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Mama Taa alipanga kwenda peke yake, kama kawaida. Mumewe hajatoka nje ya mji tangu macho yazimike.

"Mvua zikiisha tunakwenda wote," anasema Fundi, na mkewe, ambaye ndiyo kwanza anasikia, anaweka kalamu chini. "Kata tiketi mbili, Mama. Mimi nikae dirishani."