Ufito Mrefu wa Abti

Juzi dukani nilimsikia muuzaji akimwambia mteja kwamba kwenye kijito chembamba ufito mfupi wa kuvulia samaki unatosha. Nikamkumbuka Abti Yusuf, kaka yake mama, na alasiri moja kwenye mfereji unaotoka Tana, nje ya Garissa. Tope lilinuka kambale. Yeye alishika ufito mfupi. Mimi alinipa mrefu mno, uliokuwa ukinasa matawini kila nilipourusha.

“Abti, tubadilishane.”

“Hapana, Hodan. Baki huko juu.”

Nililia, nikidhani hataki msichana avue samaki. Sikujua kwamba mamba walikuwa wakiingia mferejini. Yeye alisimama ukingoni, kati yangu na maji, wala hakuutazama mshipi wake. Alikuwa akitazama matete.