Upande wa Kwanza wa Kaseti

Jumamosi ilikuwa siku ya pasi. Kule kwetu Kivu, kabla vita havijatufikia, mimi, wifi yangu Nyota na jirani yetu Mama Rehema tulikuwa tunanyoosha vitambaa vya altare kwenye nyumba ya masista. Pasi za makaa, moshi machoni. Sista Hedwiga, Mjerumani, mzee kama nilivyo sasa, alikuwa anatuwekea kaseti ya kwao. Opera, aliiita. Mchezo wa kuchekesha, ila watu wanaimba badala ya kusema.

Alitueleza. Kuna mama mkubwa, tajiri, ana mpenzi kijana. Kijana anakutana na msichana wa rika lake. Yule mama anaona, anamwachia, anaondoka bila ugomvi.

"Hakumroga?" Nyota aliuliza.

"Hakumroga."

"Bon, huyo si mwanamke wa huku. Mimi ningemwachia, lakini viatu vyake vingebaki kwangu."

Kila Jumamosi tuliomba kaseti ile ile.

Watu wa bunduki walikuja siku nyingine, asubuhi, tukakimbilia kwa masista. Sista alitupandisha darini sisi watatu, pamoja na Faida, mtoto wa Nyota, bado ananyonya. Akasema: "Kaseti ikiimba, wapo. Ikinyamaza, wameenda, shukeni." Tena muziki ungefunika kilio cha mtoto. Akaondoa ngazi, akaiegemeza ukutani, karibu na tundu la dari.

Waliingia. Walikaa. Moshi wa sigara zao ulipanda katikati ya mbao. Mmoja alimwiga yule mama anayeimba, wenzake wakacheka. Sista walimpeleka jikoni awapikie. Tulisikia sufuria.

Mama Rehema alikuwa ameuma kitenge chake.

Kaseti ikanyamaza.

Tulingoja. Kimya. Hata wale watu hawakusema kitu, labda walikuwa wanakula.

Nyota alinipa mtoto. "Nishuke kwanza, kisha unipokeze."

Hata mimi nilikuwa najifunga kitenge nimfuate.

Alivuta ngazi kwa mguu. Akashuka.

Risasi moja.

Kisha kaseti ikaanza kuimba tena. Sista alikuwa amekimbia kutoka jikoni, ameigeuza.

Nilimpa Faida ziwa langu, kavu. Alinyonya hivyo hivyo. Hatukupumua vizuri mpaka upande wa pili nao ukaisha, na Sista mwenyewe akatuita kwa majina.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba upande mmoja wa kaseti una mwisho. Kila Jumamosi Sista ndiye aliyeigeuza; sisi mikono ilikuwa kwenye pasi.

Donc, ndivyo tulivyobaki. Mimi niko huku Amerika, Columbus, mtaa wa Northland. Mama Rehema yuko Louisville, kule Newburg. Faida nilimlea kwenye kambi ya wakimbizi kama wa tumbo langu. Sasa yuko Buffalo, anapanga maboksi kwenye ghala. Redio ikizimika ghafla humu ndani, wajukuu wananiona nimesimama, nimeshika mlango.

Na bado, Jumamosi Mama Rehema ananipigia, anaiweka ile opera kwenye simu, tunasikiliza. Watu wameiimba tangu zamani za babu zetu na hawajaichoka. Nilimwuliza kwa nini sisi hatuichoki, na ilivyotufanyia.

"Kwa sababu hakuna anayekufa mle," alisema. "Wanaachana tu. Kila mtu analala kwao."

Mwaka 2015 Faida aliomba tumuunganishe kwenye simu hiyo. Nilikataa, niliogopa. Akasema, "Mama, mimi nilikuwemo pia." Basi akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza:

"Sauti ya mama yangu ilikuwaje? Kama ya huyu anayeimba kwa sauti ya juu, au huyu mwingine?"

Nilijaribu. Maneno ya Nyota ninayo yote, hata yale ya viatu. Lakini kila nikitafuta sauti yake, anayekuja ni yule mwimbaji Mjerumani wa kwenye kaseti.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Imepotea."

Mama Rehema naye hakuwa nayo.