Sakafu Iliyomweka Mama Mkwe Nje

Kila nipitapo kwenye maduka ya vigae hapa Rumonge, mwanangu, siku moja hunirudia. Nilikuwa mke mpya, na mume wangu aliniachia nichague makaro, yaani vigae, ya sebule. Nikachagua meupe yanayong'aa, ukiinama unajiona hadi meno. Fundi Rajabu, mzee aliyetandika sakafu nusu ya mtaa wetu, alinionyesha ya kijivu yenye uso wa kukwaruza. Nikamcheka, nikasema hayo ni ya chooni.

Mama mkwe wangu alikuwa akikamua mawese. Kila jioni alinawa miguu mlangoni, akaingia peku kutusalimia. Siku ya kwanza ya sakafu yangu, hatua ya pili tu akateleza, akadaka pazia, likakatika. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la fundi, na guu lililonusurika kuvunjika lilikuwa la mama mkwe!

Tangu hapo akawa anatusalimia kutoka nje, mkekani. Nikimkaribisha, anasema, “Nyumba yako iko muzuri, mutoto wangu. Niko sawa hapa.” Majirani wakanong'ona kwamba nimemtegea asiingie. Niliumia sana, maana nilitoka Kigoma, sikuwa na ndugu hapa, yeye ndiye aliyenipokea.

Nikamwita fundi. Akamwaga kikombe cha maji sakafuni, akasema, “Vua viatu, pita.” Nikapita nimeng'ang'ania bega lake.

“Umeona? Siku ile uliuliza macho peke yake. Miguu hukuiuliza.”

Tukabomoa, tukatandika ya kijivu. Meupe yaliyobaki kwenye katoni akayabandika ukutani jikoni. Jioni ile mama alinawa miguu, akajaribu kwa kidole gumba, kisha unyayo, kisha akaingia moja kwa moja hadi jikoni. Akajitazama ukutani, akakaza kitambaa chake cha kichwa.

“Haya makaro, mahali pake iko hapa,” akasema, akacheka. Mimi nililia kwa furaha.

Sasa wewe unatengeneza nyumba yako, na picha unazonionyesha zinapendeza kweli. Lakini kizuri hakikosi ila. Ukifika dukani omba kigae kimoja, kimwagie maji, ukikanyage peku mbele ya watu, wacha wakucheke. Kinachong'aa kipeleke ukutani. Cha chini mchagulie yule atakayeingia na miguu yenye maji, na kama humjui ni nani, mwanangu, nitazame mimi.

Mungu akujalie nyumba ambayo wazee wako wataingia bila kushika ukuta.