Wimbo wa Musoma Nilioununua Butiama

Wimbo mmoja, jumla yake: sukari kilo mbili, mche mmoja wa sabuni, na nauli ya Bunda kwenda Butiama na kurudi, mara mbili, kwa sababu safari ya kwanza nilikwenda bila sukari na mwenye mali hakopeshi. Hesabu hiyo nimeirudia. Wakati ule wa uhaba mtu mwenye sukari kilo mbili na sabuni aliweza kuoa, na wengine walioa.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kaka yangu mkubwa. Alikuwa kuli bandarini Musoma, mchana anabeba magunia, jioni anaimba kwenye vilabu vya pombe. Sisi wa nyumbani tuliujua ubeti mmoja tu, aliotuletea pamoja na mkate wa dukani siku aliyokuja kutusalimia:

*Musoma maji yanatoka ukutani,*
*taa inawaka bila mafuta,*
*hakuna wa kuniuliza pamba yangu iko wapi.*

Kwetu kila kaya ilidaiwa shamba la pamba. Mama, mfinyanzi wa vyungu, aliula mkate, akasema nyumba inayotoa maji ukutani inavuja. Kaka akarudi kazini, na hatukumwona tena. Kikohozi kilimmaliza huko huko. Kwa kuwa hakuna aliyejua kwao ni wapi, mji ukamzika, na habari zikatufikia akiwa na wiki kadhaa ardhini. Mama hakuwa na kaburi la kupalilia.

"Basi nitafutie wimbo wake," akaniambia. "Wote. Tuuimbe hapa nyumbani, nijue nimemlilia."

Miaka ikapita bila kuupata. Nilikuwa nauza dagaa wa Kisorya, biashara ambayo wakubwa waliiita ulanguzi na wake zao waliiita mboga. Siku moja nilishuka Butiama na debe langu, nikamkuta mama mmoja wa chai na maandazi karibu na magari yanaposimama. Anakanda unga, anaimba: Musoma maji yanatoka ukutani. Nikatua debe.

"Mama, huo wimbo umeutoa wapi?"

"Huko huko Musoma. Nilikuwaga nimepanga chumba, jirani yangu kuli alikuwaga anauimba kila siku mpaka nikaushika. Halafu wakatukusanya sisi tusio na kazi, lori likatugawa vijijini kama mbolea. Mimi nikamwagwa hapa."

"Huyo kuli alikuwa kaka yangu."

Akanipima kuanzia miguuni. "Pole, shemeji. Lakini mbona yeye alikuwaga msafi?"

Nikamwomba aniimbie wote. Akafuta mikono taratibu, kama mtu anayefungua duka.

"Chai yangu imesahau sukari. Kilo mbili."

"Kwa wimbo? Mbona redio inaimba bure!"

"Kaiambie basi ikuimbie wa kaka yako."

"Kilo moja."

"Kilo moja ni nusu wimbo. Nikuimbie nusu, shemeji, ukalie nusu?"

Sukari ya wakati ule haikukaa dukani, ilikaa chini ya vitanda vya watu. Nilijua vitanda vitatu, nikavizungukia. Niliporudi Butiama na kilo zangu mbili, yule mama akachungulia mfuko, akaona mche wa sabuni niliokuwa nampelekea mama yangu. Akasema sauti nayo inataka kuoga. Nikautoa.

Akaimba. Ubeti wa kwanza niliujua. Uliofuata sikuujua:

*Musoma mwenye nyumba ananijua siku ya kodi,*
*jirani ananijua kwa kikohozi,*
*jina langu limebaki mfukoni, silitumii.*

"Unaofuata ndio wa mwisho," akasema. "Ni kilugha chenu, sijui anasemaga nini. Nimeubeba kwa sikio tu."

Akauimba huku anatabasamu, vidole vikipiga beseni, maana ubeti huo ni wa kuchezeka. Maneno yake kwa Kiswahili ni haya:

*Mimi ni mwana wa mama mfinyanzi.*
*Nilikuja kwa miguu, mama, nikakuta mbigili,*
*nyumba imeng'olewa, mafiga yamebaki.*
*Mji, nifungulie, sina kwingine.*

Kaka alikuja nyumbani, basi. Alikuja baada ya sisi kuhamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba zilibomolewa, tukabeba milango na nguzo, na majirani waliondoka nasi, kwa hiyo hapakubaki wa kuulizwa. Kijiji kipya kilikuwa ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa moja. Kwa mtu mgonjwa, tuseme mbili.

"Ni wa mapenzi?" akauliza yule mama.

"Anasalimia nyumbani."

"Nilijua! Huo aliuongeza aliporudi kutoka safari, miguu imevimba. Nilipomuuliza ametoka wapi, akasema alikwenda kutembea."

Nyumbani mama alikuwa ameshapika pombe ya mtama na kuwaita wanawake wenzake. Niliimba beti mbili, wakaitikia vizuri. Wa tatu nikauacha. Mama akabaki ameinua mkono.

"Malizia."

"Umeishia hapo, mama."

"Mtunzi hafungi wimbo bila kujitaja na kumtaja aliyemzaa. Amenitaja wapi?"

"Yule mama wa chai amesahau."

"Wewe? Wewe unayehesabu dagaa kwenye debe? Utoe sukari upewe pungufu?"

 Akanitazama, kisha akaushusha mkono.

"Basi hakunitaja," akawaambia wenzake. "Taa za Musoma zilimwingia machoni." Akaagiza pombe igawiwe.

Mama yu hai. Tangu siku ile hajamtaja kaka tena, hata kwa bahati mbaya. Nikiuimba ule ubeti, atajua mwanawe hakumsahau. Atajua pia kwamba mwana huyo alifika, akasimama kwenye mafiga ya mama yake, wakati yeye mwenyewe yuko ng'ambo ya kilima anaanika vyungu. Katika kununua na kuuza nimezoea kuona hasara iko upande gani. Hapa nimepiga hesabu mara mbili, na kila upande ni hasara.

Ninyi mliozaa, hasa mliozika mlichozaa, nishaurini: niuimbe, au nimwache na mtoto aliyemsahau? Nishaurini upesi, masikio yake yameanza kuwa mazito.