Kamba Ameingia Stoo

Naomba msamaha mapema, kwa sababu kisa hiki nitakisimulia vibaya. Mimi ni mtu wa jukwaani. Jukwaani ukikwama unaangusha kiti, watu wanacheka, na wakicheka unapata nafasi ya kukumbuka kinachofuata. Hapa kwenye karatasi sina kiti. Nikichanganya mambo, ujue hata siku yenyewe yalikuwa yamechanganyika, na hakuna aliyekuja kuyapanga.

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano tulihama kutoka Maua, kule juu Nyambene, tukateremka kusini hadi upande wa Gachoka, kwa mama yake mama. Baba alikuwa amefariki, na mama akaona heri arudi kwao kuliko kuvutana na shemeji zake juu ya shamba la chai. Kwa mtu mzima ni safari ya siku moja. Kwa mtoto ilikuwa kuhamia jua. Maua tulivaa sweta hadi saa nne. Gachoka kuku walitembea midomo wazi. Kwetu wanaume walitafuna miraa, ambayo ni vijiti. Huku walitafuna muguka, ambayo ni majani, na siku niliyouliza kama vijiti vimeisha, watoto wa jirani walipata kazi ya muhula mzima. "Mmeru, kwenu mnakula kuni?" Nikipita kisimani, kuni. Nikipita kanisani, kuni.

Lakini kilichonichanganya zaidi ni shosho, yaani bibi yetu huyo. Yeye alisema Kimbeere, mimi na dada yangu mdogo Kagendo tulisema Kimeru, na lugha hizo zinafanana kiasi cha kukudanganya kwamba umeelewa. Mama angetutafsiria, lakini alipata kazi ya kupika katika shule ya bweni na alikuja nyumbani Jumamosi tu. Kwa hiyo tulikutana na shosho kwenye Kiswahili, ambacho hakikuwa chake wala chetu, kama watu watatu waliojifunika blanketi la kuazima. Yeye alikuwa amekiokota sokoni. Mimi nilikitoa kwa mwalimu wangu wa Maua, mtu mkali wa ngeli, na nilihakikisha shosho analijua hilo.

"Shosho, si viatu yako. Ni viatu vyako."

Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyevaa kofia. "Asante, mwalimu. Sasa vaa viatu yako uende kwa maji."

Na miiko. Nilikuta huko Mbeere miiko ambayo labda hata kwetu ilikuwepo, ila baridi iliilaza. Usipige mluzi ndani ya nyumba. Usifagie takataka kuzitoa nje jioni, utafagia na riziki. Usihesabu mbuzi ukiwanyooshea kidole. Nilijaribu kuishika yote, nikawa natembea uani kama mtu aliyeingia nyumba yenye vyombo vya watu. Mwiko mmoja tu shosho hakunifundisha, kwa sababu kwake ulikuwa kama kupumua, na nani humfundisha mtoto kupumua? Jua likizama, nyoka hatajwi. Ukimtaja anasikia jina lake, na akisikia jina lake anamfuata aliyeita. Kwa hiyo giza likiingia haitwi nyoka. Anaitwa kamba.

Jioni moja shosho alitoka stoo, kile kibanda cha udongo alimoweka magunia ya ndengu na mtama, akiwa ameshika koroboi. Alirudi kinyumenyume, akarudisha mlango polepole.

"Kamba ameingia stoo," akatuambia. "Kamba mnene. Msiende huko."

Nikamuuliza anafanya nini. Akasema amefuata panya, sasa amelala, na asubuhi ataita watu wa kumtoa. Kisha akaenda kufungia mbuzi zizini, mwisho wa shamba, kabla giza halijakaza.

Sasa nisikilize, ili unihukumu kwa haki. Katika soko la Gachoka kulikuwa na mzee mmoja mnene aliyeuza dawa ya panya. Alitoka ng'ambo ya Tana, Ukambani, na soko zima halikuwahi kumwita jina lingine ila Kamba. "Kamba, leta pakiti mbili." Huyo. Nikaongeza na elimu yangu. Shosho angesema kamba imeingia, ningejua ni ile ya kufungia mbuzi. Lakini alisema ameingia. Akasema mnene. Hiyo ni ngeli ya A-WA, sawa kabisa, hata mwalimu wangu angeweka tiki. Nilifurahi moyoni kwamba masomo yangu yameanza kumwingia bibi kizee.

Nililoshindwa kuelewa ni ukarimu wa watu wa kusini. Mgeni amekuja kukusaidia na panya, amechoka, amelala chini kwenye vumbi, na wewe unasema asubuhi utaita watu wamtoe, kama mwizi? Kwetu Maua hata mkusanya kodi alipewa uji kwanza. Nikaona aibu kwa niaba ya ukoo. Nikachota uji moto wa wimbi kwenye kikombe cha bati, nikampa Kagendo ampelekee mgeni. Kwa nini si mimi? Kwa sababu nilikuwa mkubwa, na kazi ya mkubwa ni kutuma.

Kagendo alikuwa na miaka sita na hakuogopa chochote duniani isipokuwa sindano. Akaenda, akasukuma mlango, nikamsikia akisema, "Baba, uji." Akarudi mlangoni na kikombe chake.

"Amelala."

"Wapi?"

"Pale chini, nyuma ya magunia. Sijamwona. Anakoroma."

Moma, yule nyoka mnene wa sumu, anapovimba kwa hasira anatoa pumzi nzito, ndani, nje, ndani, nje. Hilo nalijua leo. Siku ile nilimwambia Kagendo, "Mwamshe basi, uji unapoa."

Naye akarudi ndani.

Shosho alifika uani wakati huohuo, akauliza Kagendo yuko wapi. Nikamjibu kwa fahari kwamba anampa Kamba uji. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizimika namna ile. Hakupiga kelele. Aliweka ndoo chini bila kuigonga, akanishika mkono kwa nguvu hadi mlangoni, akainua koroboi.

Kagendo alikuwa ameinama kando ya magunia, mkono mmoja umeshika kikombe, mwingine umenyooka kugusa kitu ambacho mimi, hata wakati huo, nilikiona kama mguu wa suruali wa mtu aliyelala. Kisha mguu ule ukajikunja.

"Kagendo," shosho akasema taratibu, "kuwa mti."

Kagendo akawa mti. Kikombe tu ndicho hakikuwa mti. Kilikuwa kinatetemeka, na uji unadondoka.

Ndipo shosho akafanya jambo ambalo sikulielewa, na ambalo bado nalishika kwa mikono miwili bila kujua niliweke wapi. Alinisukuma nyuma yake. Akaingia hatua moja, kando ya mlango, akagonga sakafu kwa kisigino, akaita. Hakunong'ona. Aliita kama unavyoita mtu wa nyumbani aliye shambani.

"Njoka. Njoka."

Neno hilo ni lilelile kwa Kimbeere na Kimeru. Katika miezi yote niliyokaa pale, hilo ndilo neno la kwanza la shosho ambalo sikuhitaji kutafsiriwa.

Kikombe kikaanguka, uji ukamwagika. Na yule moma akaja. Akaacha miguu ya Kagendo, akatambaa polepole, mnene kweli, akapita karibu na miguu ya shosho iliyokuwa wazi, akatoka mlangoni, akaishia kwenye vichaka.

Mtu aliyesoma ataniambia nyoka hana masikio ya kusikia jina. Ataniambia ni uji moto uliomtoa, na mlango ulikuwa mmoja tu. Huenda. Mimi mwenyewe nimejieleza hivyo mara nyingi, na kila nikimaliza nakuta maelezo yamekaa upande mmoja na shosho amesimama upande wa pili.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki jukwaani kama mzaha juu ya Kiswahili cha shosho. Kinachekesha sana, hasa hapo kwenye kukoroma. Kisha siku moja Kagendo, ambaye sasa ana watoto wake na anakaa mtaa wa Majimbo, alikuja kunitazama Embu mjini. Ukumbi ulicheka, yeye hakucheka. Tukinywa chai baadaye akaniambia, "Kaka, unaruka pale alipomwita."

Ni kweli, nilikuwa naparuka. Hapana kicheko pale. Shosho aliamini, kama alivyoamini mvua, kwamba ukimtaja usiku anamfuata aliyemtaja. Akamtaja mara mbili, viatu yake ikiwa zizini. Hakuvunja mwiko. Aliutumia.

Usiku ule, Kagendo akiwa amelala mapajani mwake, shosho alinigeukia. "Mwalimu," akasema, "si nilisema Kamba ameingia?"

Alisema. Na alisema sawasawa. Mwalimu wangu wa Maua alitufundisha kwamba ngeli ya A-WA ni ya watu na wanyama. Shosho, ambaye hakuwahi kukalia dawati, aliipatia yote. Mwanafunzi bora wa Nyambene nzima ndiye aliyetoka darasani baada ya watu, kabla ya wanyama.